Kinyonga Mkaguzi wa Almasi

Swala alitaka almasi ya harusi, lakini iliyochimbwa kwa haki tu. Kunguru muuzaji akamwita Kinyonga mkaguzi, akamketisha juu ya jani bichi. Kwa desturi ya soko lile, Kinyonga akigeuka kijani, jiwe ni halali. Akageuka kijani.

Swala alikuwa anatoa pesa Fuko alipochomoza ardhini, mgongo ukivuja damu.

"Dada, jiwe hilo nimelichimba huku nachapwa viboko. Hebu mkaguzi apande mgongoni kwangu!"

Kinyonga akapanda, akawa mwekundu.

Swala akachanganyikiwa. "Sasa bwana mkaguzi, nishike lipi?"

"Hata mimi sielewi, bibie," Kinyonga akajibu, macho yakimzunguka. "Miaka yote nimekagua pale aliponiketisha muuzaji."