Tundu Lililohama

Tundu lilikuwa limehama. Dominika aliliona hata kabla Mzee Basil hajamaliza kuufungua mchoro kwenye skrini.

Mchoro ulikuwa wa kasha la mashine ya kubangua korosho. Aliyeuleta kwenye flashi alikuwa Selestini, mchoraji mwenzake hapo karakana. "Kazi yangu hii, mzee," alikuwa amesema, bila hata kumeza mate.

Kazi yake! Jamani, mtu anapata wapi uso wa kusema hivyo? Miezi saba Dominika amehangaika na kasha lile. Na leo ndiyo siku ambayo Mzee Basil, mwenye karakana, ataamua jina la nani lipigwe kwenye kibao cha mashine, na nani atoke Masasi apande Newala kuongoza tawi jipya. Nafasi ni ya mtu mmoja tu.

Programu wanayochorea haisahau kitu. Pembeni mwa skrini inaorodhesha kila hatua kwa mfuatano: kwanza umeinua tofali, halafu umelitoboa, halafu umelikomba ndani likawa sanduku. Hatua unaweza kuiburuta juu au chini, na mchoro mzima unajijenga upya kwa mpangilio huo. Dominika hatua zake alizipa majina ya jikoni: kinu, tundu, kukomba, na kuendelea. Kwenye mchoro wa Selestini majina hayakuwapo. Zilibaki namba tupu, na hatua zimechanganywa kama karata.

"Mama Flora," alisema Mzee Basil, "unadai mchoro ni wako. Faili lako liko wapi?"

"Limefutwa, mzee. Jumapili nimetoka kanisani, nafungua kompyuta, halipo."

"Nani mwingine anaijua namba yako ya siri?"

"Hapa kazini? Hakuna."

Twahiru, fundi wa kuchomelea, alikohoa akageukia dirishani. Selestini aliendelea kutazama viatu vyake.

Kilichomuuma Dominika hakikuwa kibao, wala Newala. Dominika alimwonyesha mtu huyu kila hatua kwa furaha, kama mtoto anayeonyesha daftari lenye vema. Alimwamini kuliko alivyomwamini mtu yeyote. Sasa anamwona amesimama pale, shati limenyooshwa, na anasubiri kupewa jasho la mwenzake.

"Hatua ya kumi na tisa niliichora Flora akiwa amelazwa pale Mkomaindo," alimwambia Selestini. "Unajua fika nilikuwa wapi. Uji uliniletea wewe."

"Bi Dominika, tusichanganye mambo," Selestini alijibu. "Hapa ni kazini."

"Haya, basi tufanye kazi," alisema Mzee Basil. Akanyoosha kidole uani, kwenye mashine ya kwanza, ile iliyochomelewa kwa kufuata karatasi ya mchoro aliyoileta Selestini wiki mbili zilizopita. "Shafti ile imepita ndani ya bomba. Bila bomba, mafuta ya maganda yanavujia kwenye beringi, yanatokea kwenye mikono ya akina mama. Na mafuta yale sote tunayajua yanavyobabua. Bwana Selestini, hebu nionyeshe ulipolichora bomba."

Selestini akashika mausi. Akapanda na orodha, akashuka nayo. Hatua zilikuwa thelathini na moja, akazibofya moja moja, na jasho likaanza kumtoka puani. Hakuna bomba. Hata kwenye picha yenyewe halikuwapo. Kulikuwa na tundu tu kwenye ukuta mwembamba wa kasha.

"Nadhani lilifutika kwa bahati mbaya," alisema.

"Halikufutika," alisema Dominika. "Hawezi kuiona hatua ya bomba, mzee, kwa sababu hata mimi sikuichora."

"Makubwa haya!" Twahiru akaruka. "Si nimelichomelea mimi kwa mikono yangu?"

Dominika aliomba mausi, akaitafuta hatua ya kutoboa, akaiburuta juu, akaiweka kabla ya ile ya kukomba. Programu ikafikiri kidogo. Kasha likavunjika, likajijenga upya, na pale palipokuwa na tundu tupu pakasimama bomba zima, kutoka ukuta hadi ukuta.

"Ukitoboa kwanza ndipo ukombe, programu inaacha ukuta kulizunguka tundu," alieleza. "Bomba linatokea lenyewe. Ukikomba kwanza, hulipati. Karatasi ya mafundi aliichapa kabla hajagusa kitu. Baadaye akazipangua hatua ili msiujue mkono wangu, na bomba likaondoka bila yeye kujua."

Mzee Basil akavua miwani, akamgeukia Selestini, na Twahiru akaona aibu kwa niaba yake.

"Jina kwenye kibao ni la Mama Flora," alisema. "Na Newala anakwenda yeye. Wewe, kijana, umenivunja moyo."

Dominika alitegemea angefurahi. Hakufurahi hata kidogo. Aliizima kompyuta, akaanza kukunja waya wake, macho yamejaa machozi ambayo hakutaka yamwagike mbele ya wanaume watatu.

Selestini akasogea karibu. Asubuhi nzima alikuwa akimwita Bi Dominika.

"Mama Flora," alisema kwa sauti ya chini, "haya si tungeyamaliza chumbani kwetu?"

"Chumbani kwetu ndiko ulikoniibia, Baba Flora."