Kamba Kwenye Bampa

"Washa, dada," fundi alisema. Mkanda wa injini alikuwa ameuvua, ameutundika begani.

Dada hakuwasha. Teksi yake kuukuu ilikuwa imemsomeshea wanawe wote, na sasa ilikuwa inagonga kama mtu anayedai kufunguliwa mlango. Mtaa mzima ulishajifanya daktari. Kinyozi alisema ni pistoni, mshona viatu akasema ni kijicho cha majirani. Mnunuzi wa vyuma chakavu hakubishana na mtu. Yeye alishafunga kamba kwenye bampa, na ncha ya pili kwenye lori lake.

"Ikigonga bila mkanda, injini imekufa, mpe huyu bwana ufunguo," fundi alisema. "Ikiacha kugonga, ni beringi tu ya nje, ile inayozungushwa na mkanda. Naibadilisha leo leo."

"Msimpe matumaini mama wa watu," mnunuzi alisema, ameegemea mlango. "Gari limechoka kuliko mimi."

"Kuliko wewe? Hapo umelisingizia," kinyozi alimjibu.

Watu walicheka. Dada hakucheka. Ufunguo ulikuwa umelika meno hadi ukawa laini kama ukucha. Alifumba macho, akauzungusha.

Injini ilikohoa, ikashika. Wote waliinamisha vichwa kusikiliza. Ilinguruma kwa sauti yake ya zamani, haikugonga kabisa. Nyuma ya umati mtu akapiga kigelegele.

Dada alishusha kioo taratibu.

"Shemeji," alimwambia mnunuzi, "fungua kamba yako kabla sijaondoka na lori."