Mistari Kwenye Maji Matupu

Maji matupu yalikuwa yameonyesha mistari miwili tena.

Mtafiti aliuinua utando mweupe wa vipimo juu ya taa, akaugeuza, akauweka, akauinua tena, utadhani kuitazama sana ile mistari kungeifuta. Safu ya kwanza, damu: mstari mmoja. Safu ya pili, maji ya ubongo: mistari miwili. Safu ya tatu, maji matupu, ambayo hayana kitu wala hayatakiwi kuwa na kitu: miwili. Siku ya tatu hiyo, mambo ni yaleyale. Akajipangusa pua kwa leso na kuupiga teke mguu wa meza, kisha akaumia kidole na kukasirika upya.

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Kwenye damu kuna protini inayobeba madini ya chuma na kuyasambaza mwilini. Kwenye maji yanayouzunguka ubongo, protini hiyohiyo ina sura mbili, ndiyo maana huacha mistari miwili. Kingamwili aliyokuwa akiijaribu ilitengenezwa ili iinase protini hiyo popote ilipo. Ikifaa, majeruhi wa kichwa akianza kutokwa na majimaji, tone moja tu lingetosha kujua kama ni ubongo unaovuja, naye akimbizwe kwa daktari wa upasuaji siku hiyohiyo, kabla maradhi hayajapanda kichwani.

Lakini kingamwili inayoona mistari kwenye maji matupu haifai hata kwa kuoshea sakafu. Mkuu wa maabara, mama asiyependa maneno mengi, alikuwa amempa mpaka Ijumaa. Maji matupu yasipokuwa safi Ijumaa, kingamwili inamwagwa na mradi wa miaka minne unafungwa. Na aliyeapa mbele ya wakubwa kwamba hii ndiyo kingamwili ya kununua si mwingine, ni yeye. Leo ilikuwa Alhamisi, na kila jaribio lilikula kutwa nzima.

“Hiki kichupa cha kingamwili kina mkosi,” alimwambia shemeji yake.

Shemeji, mume wa dada yake, alikuwa mchanganyaji dawa kwenye meza ya pili, na utani ulikuwa haumwishi. Habari ya mkosi aliijua kwa moyo. Siku kichupa kilipofika, mtafiti alikikimbiza kwenye friza kama aliyebeba yai, akateleza kwenye maji ya barafu, akaipiga kona ya friza kwa paji la uso. Kichupa kilipona. Yeye aliondoka na nundu, nundu ikaisha, yakaja mafua, na tangu hapo hakuna lililonyooka.

“Hata mafua yako bahili,” shemeji alimtania. “Yanatoka tundu moja tu.”

Alimjibu kwamba afadhali yeye, kuna watu wanakoroma kwa yote mawili, na dada yake ni shahidi. Barakoa alikuwa ameitupa tangu Jumatatu. Kila akiinama ililowa, ikamkera. Akavuta kigoda, akainama juu ya vichupa vyake kuvikagua kimoja kimoja, leso mkononi. Kama ni uchafu, uchafu huo unatoka wapi? Chupa mpya, maji mapya, glavu mpya. Alichoka mpaka akataka kulia, na hilo nalo likamuudhi.

Shemeji alimtazama akiinama vile, akaanza kucheka. Baadaye akamwambia kwamba kesho asiguse kitu, atapima yeye. Mtafiti alibisha kidogo kwa ajili ya heshima yake, kisha akakubali.

Ijumaa hakukalika. Alitembea ukumbini, akahesabu vigae, akasahau hesabu, akaanza tena. Mara tatu alichungulia dirishani na mara tatu shemeji alimfukuza kwa mkono. Akampigia dada yake simu kushtaki kwamba mumewe amemnyang'anya meza yake mwenyewe. Dada aliuliza kama kichwa bado kinamuuma. Kinauma, alijibu, nani asingeumwa kichwa na kazi kama hii? Dada akamwambia anywe kitu cha moto alale, mafua ya wiki tatu si mafua ya kuchezea. Alisema sawa, akakata simu, akarudi kwenye vigae.

Saa tisa alasiri mkuu alifika. Wote watatu wakauzunguka utando, shemeji akawasha taa.

Damu: mstari mmoja. Maji ya ubongo: miwili. Maji matupu: hakuna kitu. Meupe, safi.

Mtafiti alishika mdomo. Akacheka na kulia kwa pamoja, akampiga shemeji yake ngumi ya bega. Mkuu, ambaye hakuwahi kusifu mtu, alisema kingamwili ni nzuri na mradi unaendelea. Kisha akavaa miwani yake, akaukaribia utando.

“Na hii safu ya nne?”

Kulikuwa na safu ya nne pembeni kabisa. Mistari miwili kama ya maji ya ubongo, mizito kuliko yote.

Shemeji alikuwa na utani wake tayari tangu asubuhi. Sasa aliushika ukingo wa meza, na hakuwa akicheka.

“Nilitaka kukuonyesha kuwa ni wewe unayeyadondoshea yale maji matupu mafua yako,” alimwambia polepole. “Hiyo ni leso yako, shemeji. Niliikamua.”