Ubao wa Mama Mkwe

Gari lilikuwa halijaonja hata vumbi la Kasongo, na Octave tayari alikuwa amelipandia na bisibisi. Akang'oa kioo cha ndani. Akashuka, akang'oa na cha nje. Vyote viwili akavifungia kabatini.

Emilienne, mke wake, alisimama mlangoni ameshika tumbo lake la miezi minane.

"Gari mupya, unaliharibisha namna gani?"

"Mama yako atapanda nyuma. Nikimuona uso mu kioo, nitaweka wapi haya yangu?"

Kwao mkwe na mama mkwe hawaonani uso, hawasemezani, hawali pamoja. Tangu harusi, mama akiingia kwa mlango wa mbele, Octave anatokea kwa mlango wa jikoni. Hiyo ilikuwa heshima, wala hakuna aliyeishangaa.

Taabu ni kwamba mama alikuwa mbali, kule Kabambare, miguu yake haikuweza tena safari ndefu, na ndiye aliyewapokea watoto wote wa Emilienne walipozaliwa. Bila yeye, Emilienne alikuwa hataki kuzaa. Aliwaambia hivyo masista wa maternité, hospitali ya wazazi, wakacheka. Alirudi nyumbani analia kwa hasira.

Ndiyo maana ya gari. Octave, ambaye aliuza mchele na kuweka akiba miaka mingi, alikwenda kwa Mgiriki mwenye duka. Mgiriki akamwonyesha magari ya chini, ya kung'aa. Octave akayakataa yote. Hili watu wanakaa bega kwa bega. Hili mlango wa nyuma halina. Mwisho akachagua kamioneti ya familia, yenye viti virefu na mlango wake kule mkiani.

"Mutu wa akili hawezi kuacha gari nzuri na kubeba hii," Mgiriki alisema.

"Weye hauna mama mukwe," Octave akamjibu.

Basi wakaanza kuishi nalo, na kuishi nalo kulikuwa kazi. Mlango ule wa nyuma ulikuwa na wazimu wake: upepo kidogo tu, au gari likiinama, unajibamiza wenyewe. Watoto wakajifunza kuficha vidole. Octave akatundika pazia nyuma ya kiti chake, pazia zuri la maua. Wiki ile ile Roger, kaka yake Emilienne, akafika kwa baiskeli kutoka Kabambare.

"Mama amesikia habari ya pazia. Anasema inapepea. Hapandi."

Octave aliketi chini, akashika kichwa. Kisha akamwita Asani, seremala, naye akampigia ukuta wa ubao kutoka chini mpaka juu, na pazia likahamishiwa dirishani. Jumapili wakaenda misa, baba mbele peke yake, wengine nyuma ya ubao gizani. Mtoto mdogo akatapika kabla ya kanisa.

"Umenunua gari ya familia," Emilienne alisema, akipangusa kiti kipya, "na sasa familia haionani. Na mama yangu angali Kabambare. Mimba hii haingoji maseremala wako."

Kesho yake Octave aliondoka alfajiri.

Alipofika Kabambare hakushuka garini. Alikaa kwenye usukani, shingo imenyooka, macho barabarani, huku Roger akipakia nyuma: mama, kikapu chake cha dawa, na mbuzi dume wa kumkaribisha mtoto. Mbuzi alifungwa kamba fupi karibu na ubao. Roger angesafiri nao, lakini kapita, mnyapara wa serikali, alikuwa amemtaja kwa kazi ya barabara, na kapita habishiwi.

"Mama akigonga ubao mara moja, simama," Roger alimwambia shemeji yake. "Akigonga mara mbili, enda. Musisumbuane zaidi ya pale."

Safari ikawa nzuri kuliko Octave alivyotazamia. Walipokwisha kuvuka mto Luama, katikati ya nyasi ndefu, ubao ukagongwa mara moja. Akasimama. Akasikia mlango ukifunguliwa, na miguu ikishuka polepole. Mkwe mwenye adabu haulizi mama mkwe anakwenda kufanya nini nyasini. Octave alishika usukani kwa mikono miwili, akatazama mbele, akaimba wimbo wa kanisa ili asisikie kitu.

Upepo ulivuma. Mlango ukajibamiza. Punde ubao ukagongwa: ko, ko.

Akaenda.

Kadiri Kasongo ilivyokaribia, moyo wake ukawa mwepesi. Kusema na mama mkwe ni mwiko, lakini kusema na ubao, nani amekataza? Akauambia ubao asante. Akauambia kwamba Emilienne ni mke mwema ingawa ana ulimi, na kwamba miaka yote hii yeye Octave alitaka kushukuru akakosa njia. Ubao haukujibu neno. Octave akaona huyu ndiye mama mwenye heshima kweli.

Akapiga honi tangu njia panda. Alipofika uani akazima gari, akaruka chini, akakimbilia nyuma ya nyumba bila kugeuka, akaketi kwenye kinu cha mkewe, jasho likimtoka, anacheka peke yake.

Emilienne alitoka akivuta mguu, machozi tayari machoni. Wiki zote za kugombana na kioo, na pazia, na ubao, zilimwisha moyoni mara moja. Akashika kitasa cha mlango wa nyuma.

"Karibu, mama," akasema, akafungua.

Kikapu cha dawa kilikuwa chini. Mbuzi alikuwa amesimama juu ya kiti kipya, anatafuna ua la pazia. Akamtazama Emilienne, akageuka, akapiga ubao kwa pembe: ko, ko.