Fyuzi ya Mwisho

Fyuzi mbili zilikuwa zimeshaungua, na mwalimu mstaafu alibakiwa na moja tu. Miezi saba alikuwa akiunda redio ya mawasiliano, na kila akiiwasha, fyuzi inaungua.

"Hebu sogea, baba watoto," alisema mkewe, fundi cherehani. Aliinamia saketi. "Huu uzi ni wa nini?"

Haukuwa uzi. Ni lehemu iliyochuruzika, nyembamba kama ukope, ikaunganisha nyaya mbili zisizotakiwa kugusana.

Mkewe akaikwangua kwa sindano, akapuliza. Mzee akachomeka fyuzi ya mwisho.

"Washa basi!" mkewe akahimiza.

Taa ya kijani ikawaka, ikatulia. Mzee akaita kwenye kipaza sauti mara moja tu.

Redio ikakwaruza. "Nakusikia!" mtu wasiyemjua akapaza sauti. "Uko wapi, ndugu yangu?"

Kabla mzee hajajibu, mkewe akamnyang'anya kipaza sauti, akajibu yeye.