Kaya Yenye Ng'ombe

Jenifa alikanyaga mavi ya ng'ombe kabla hodi yake haijaitikiwa, na papo hapo akajua kwamba ameletwa kwa waongo.

Alikuwa afisa wa chuo cha ufundi, mzaliwa wa Arusha mjini, na wiki nzima alizunguka vijiji vya upande wa Basotu kwa pikipiki, akihakiki kaya za vijana walioomba kusomeshwa na serikali. Ada, bweni na chakula, vyote bure, mradi kaya iwe maskini kweli. Kijiji hiki kilibakiwa na nafasi moja. Na ajabu ya Mungu, tangu ufadhili utangazwe, hakuna aliyekuwa na kitu. Watu walificha hata redio. Jenifa alikwisha kuwachoka.

"Shikamoo, mama," alisema, kwa kuwa adabu ilimlazimu.

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Imakulata alikuwa mjane mwembamba, shuka begani, watoto wadogo wakimng'ang'ania. Nyuma yake alisimama Agatha, binti yake mkubwa, aliyeomba kusomea umeme. Alivaa sketi ya sare ya shule aliyokwisha kuimaliza zamani. Jenifa aliitazama ile sketi akacheka moyoni. Maigizo hayo, akawaza.

"Mmeandika kwamba kaya haina mali," alisema. "Na hao?"

Zizini lilisimama kundi la ng'ombe walionona, ngozi zinang'aa.

Imakulata akamtazama Mzee Nicodemo, mwenyekiti wa kitongoji, aliyekuwa akimwongoza mgeni. Nicodemo akakohoa, akageukia mlimani.

"Wanalala hapa?" Jenifa aliuliza.

"Wanalala hapa."

"Maziwa mnakunywa ninyi?"

"Tunakunywa, mwanangu. Ndiyo yanayotuweka."

"Mwambie, mama," Agatha alisema kwa sauti ya chini.

"Nyamaza."

Angalau binti ana haya kidogo, Jenifa aliwaza. Mama ndiye jiwe.

Akatoa simu apige picha za ushahidi. Nicodemo akamtangulia zizini, akamsukuma ng'ombe mmoja mwekundu kwa kiganja, naye akasogea bila ubishi.

"Pitia huku, madam. Huyu ana tabia ya kurusha teke."

Mtu muungwana huyu mzee. Asubuhi Jenifa alianzia kwake, maana kijana wake Patriki naye aliomba nafasi hiyohiyo. Zizi lake lilikuwa limeota majani, hakuna hata alama ya kwato. Kiongozi mzima hana ndama, na wala hakujililia. Alimkaribisha chai ya rangi, akaomba radhi kwamba nyumba haina maziwa. Jenifa nusura atokwe na machozi.

"Wewe, mzee, unasemaje kuhusu kaya hii?"

"Niseme nini, madam? Macho unayo."

Macho alikuwa nayo, tena aliyaamini sana. Akamgeukia mjane, akamwaga yote aliyoyabeba tangu mwanzo wa wiki.

"Watu kama ninyi ndio mnaowanyima maskini haki yao. Una utajiri umesimama uani, halafu unainyooshea serikali bakuli. Uza ng'ombe, mama, umsomeshe mwanao."

Agatha akafungua mdomo. Mama yake akamshika mkono kwa nguvu, mdomo ukafungwa, machozi yakamtoka yule binti bila sauti. Jenifa aliyaona, hayakumgusa. Machozi ya watu waliofumaniwa aliyazoea.

Palepale, juu ya tanki la pikipiki, alikata jina la Agatha, akaandika la Patriki, akagonga muhuri. Alijisikia vizuri. Kwa mara ya kwanza wiki ile, pesa ya serikali ilikuwa inamfikia mwenye haki nayo.

Alikuwa nje ya ua, anafunga kofia ngumu, aliposikia sauti ya Nicodemo kutoka zizini.

"Huyu mwekundu mpelekeni mnadani Katesh. Patriki atahitaji godoro na viatu vya chuo."

"Sawa, mzee," Imakulata alijibu. "Ila hawa wako wengine utuachie bado. Watoto wanaishi kwa maziwa yao."