Simu Tatu kwenye Kompyuta Iliyolala

Candiru aliingia akitoka hospitali, akakuta simu tatu zimechomekwa kwenye kompyuta yake, zinanyonya kama vitoto vya mbwa.

"Nani ameweka hizi?"

"Mimi, mwanangu." Shangazi alijifuta machozi kwa kitenge. "Umeme hapana iko. Hii kitu yako iko lala tu, hapana kula moto. Watu ya Koboko watajua namna gani kama mama yetu amekufa?"

Mtaa mzima wa Oli ulikuwa umejazana humo nyumbani, mpaka uani.

Asubuhi ya siku hiyo, kabla hajafa, bibi yake alikuwa ameketi hapohapo mbele ya kompyuta, akakubali kurekodi wimbo aliowanyima miaka yote. Alipoumaliza tu, kifua kikambana. Candiru alifunga kifuniko bila kuhifadhi kitu, akakimbilia gari la kumpeleka hospitali.

Sauti ilikuwa bado humo, imeshikiliwa na chaji peke yake. Kompyuta iliyolala hula kidogo kidogo ili isisahau. Simu zilikuwa zimekula zaidi.

Alizichomoa zote. Taa ndogo ubavuni ilikuwa nyekundu, inapepesa polepole.

"Fungua basi, tusikie mama!" mtu alisema.

"Acha kwanza, umeme itarudi," mwingine akadakia.

"Itarudi lini? Wewe ndiyo naleta?"

Kuiamsha ili auhifadhi wimbo kungekula chaji zaidi kuliko kuiacha ilale. Kuiacha, ingezimika yenyewe, na wimbo nao.

"Nyamazeni," Candiru alisema.

Taa ilipepesa, ikakawia kuwaka tena.

Akainua kifuniko.